Uzi: 1961 na 1973, ipi ni namba tasa? Namna ya kuhakiki bila kikokotoo

#1 Mwl_wa_Makole

Mbukwenyi wana jukwaa,

Chukueni miaka miwili ambayo mtoto yeyote wa Dodoma anaifahamu: 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na 1973, ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa kwetu. Zote mbili ni witiri. Hakuna inayoishia na 5. Ukijumlisha tarakimu unapata 17 na 20, kwa hiyo 3 haiingii. Kwa macho zinafanana kabisa, lakini moja ni tasa na nyingine si tasa.

Nafungua uzi huu kwa sababu wanafunzi wengi wa darasa la saba na kidato cha kwanza huamua utasa wa namba kwa sura yake. Ikiishia na 1, 3, 7 au 9 na ikionekana ngumu, wanaandika "tasa" na kusonga mbele.

Njia ni hii. Kwanza tafuta mahali pa kukomea. Usigawe mpaka nusu ya namba, huo ni uchovu wa bure. Kadiria kipeuo cha pili: 44 × 44 = 1936, na 45 × 45 = 2025. Namba zetu zote mbili ziko katikati, kwa hiyo unakomea kwenye namba tasa ya mwisho isiyozidi 44, ambayo ni 43. Vigawo huenda viwili viwili. Kama namba ni a × b, haiwezekani vyote viwili viwe 45 au zaidi, maana zao lao lingefika 2025. Lazima kimoja kiwe 44 au chini yake. Ukikikosa hicho kidogo, kikubwa nacho hakipo.

Pili, jaribu kwa namba tasa peke yake. Kama 2 imekataa, 4 na 6 na 8 hazina nafasi. Kama 3 imekataa, 9 na 15 na 21 nazo basi.

1961: kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 3, kwa 13 inabaki 11, kwa 17 inabaki 6, kwa 19 inabaki 4, kwa 23 inabaki 6, kwa 29 inabaki 18, kwa 31 inabaki 8, kwa 37 haibaki kitu. 37 × 53 = 1961. Si tasa.

1973: kwa 7 inabaki 6, kwa 11 inabaki 4, kwa 13 inabaki 10, kwa 17 inabaki 1, kwa 19 inabaki 16, kwa 23 inabaki 18, kwa 29 inabaki 1, kwa 31 inabaki 20, kwa 37 inabaki 12, kwa 41 inabaki 5, kwa 43 inabaki 38. Tumefika mwisho na zote zimekataa. Ni tasa.

Angalieni 1961 inavyonasa watu. Imekataa kuanzia 2 mpaka 31, mara kumi na moja mfululizo, na hapo mwanafunzi anachoka na kuhitimisha. Kigawo kilikuwa hatua moja mbele. Usisimame kabla ya kipeuo, hata namba ikatae mara ngapi.

#2 Chekeche_Nzuguni

Mwalimu umeeleza vizuri. Ila njia hiyo inamtaka mtu awe na orodha ya namba tasa kichwani au mezani, kwa hiyo niongeze namna ya kuitengeneza kwa dakika chache.

Ni chekeche la Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene (Libya ya leo) aliyesimamia maktaba ya Alexandria kule Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Unachekecha namba kama unavyochekecha unga wa mtama: pumba zinatoka kwa awamu, kinachobaki ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Vitabu vingi huchora jedwali la safu wima 10. Mimi nashauri safu 6. Andika 1 mpaka 6 mstari wa kwanza, 7 mpaka 12 mstari wa pili, endelea hivyo mpaka 100. Safu ya 2, ya 4 na ya 6 zote ni shufwa: zipige mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini, ukiiacha 2 yenyewe. Safu ya 3 ni vigawe vya 3 vitupu: ipige mstari, ukiiacha 3. Mistari minne tu na theluthi mbili ya kazi imekwisha.

Zinabaki safu ya 1 na ya 5. Vigawe vya 5 vinashuka kwa mshazari kwenda kushoto (5, 10, 15, 20, 25), na vya 7 vinashuka kwa mshazari kwenda kulia (7, 14, 21, 28, 35, 42). Futa 25, 35, 55, 65, 85 na 95 kwa sababu ya 5. Futa 49, 77 na 91 kwa sababu ya 7. Futa 1. Umemaliza. Hesabu zilizobaki pamoja na 2 na 3: lazima ziwe 25. Zikiwa 24 au 26, kuna mahali umekosea, rudi ukague.

2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97.

Huna haja ya kufuta kwa 11, maana 11 × 11 = 121 na tumeishia 100. Ni sababu ileile ya kipeuo aliyoitoa Mwalimu. Vivyo hivyo ukifika kwenye 7, anza kufuta kuanzia 49. Vigawe vyake vya chini (14, 21, 28, 35, 42) vimeshaondolewa na 2, 3 na 5.

Onyo moja. Jedwali hili linaonyesha kuwa kila namba tasa zaidi ya 3 iko jirani na kigawe cha 6, ama moja nyuma ama moja mbele. Wapo wanaoigeuza sentensi hiyo wakasema kila jirani wa kigawe cha 6 ni tasa. Si kweli. 25 ni jirani wa 24, 35 ni jirani wa 36.

#3 Mama_wa_Kisasa

Asanteni walimu. Maswali mawili ya mzazi. Kigawo na kigawe vinachanganywa kila siku kwenye madaftari, kuna namna ya kumfanya mtoto asisahau? Na kwa nini 1 mnaifuta, wakati na yenyewe inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe?

#4 Kiswahili_Kwanza_Mpwapwa

Dada, la kwanza niachie mimi. Jibu limo ndani ya lugha yenyewe.

Irabu ya mwisho ndiyo inayosema. Kitu cha kufunikia ni kifuniko, cha kuzibia ni kizibo. Kwa hiyo kigawo ni kitu cha kugawia, ndicho kinachofanya kazi. Upande wa pili, kilichoumbwa ni kiumbe, aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule. Kwa hiyo kigawe ni kile kinachogawiwa, kazi inafanyika juu yake. O inatenda, e inatendwa.

3 ni kigawo cha 12. 12 ni kigawe cha 3. Uhusiano ni uleule mmoja, umetazamwa kutoka pande mbili. Vigawo vya 12 vina mwisho: 1, 2, 3, 4, 6, 12. Vigawe vya 12 havina mwisho: 12, 24, 36, 48, na kuendelea. Mtoto akikuandikia "vigawo vya 8 ni 8, 16, 24…" zile nukta za kuendelea tu zinatosha kukuonyesha kwamba amegeuza.

Vifupisho navyo: KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika. KKS haiwezi kuzidi namba ndogo uliyopewa, KDS haiwezi kupungua namba kubwa. Ukipata KKS ya 24 na 30 kuwa 120, hata kabla ya kusahihisha unajua umejibu swali lingine.

#5 Mwl_wa_Makole

Hilo la o na e nalichukua kwenda nalo ubaoni.

Mama wa Kisasa, kuhusu 1: maana ya namba tasa si "inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe". Maneno hayo yameenea, lakini yana ufa, na wewe umeuona ufa huo. Sema hivi: namba tasa ni namba yenye vigawo viwili kamili. 7 ina 1 na 7. 2 ina 1 na 2, kwa hiyo nayo ni tasa, shufwa pekee iliyo tasa. 1 ina kigawo kimoja tu, haitoshi.

Haikuamuliwa hivyo kwa kupenda tu. Kila namba kuanzia 2 ama ni tasa ama inavunjika kuwa zao la namba tasa, na mvunjiko huo ni mmoja tu. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na yeyote atakayeivunja, wa Kondoa au wa Manyoni, aanze na 6 × 10 au na 4 × 15, ataishia hapohapo. Tukiiruhusu 1 kuwa tasa, 60 ingekuwa pia 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, bila kikomo. KKS, KDS na kurahisisha sehemu vyote vinasimama juu ya mvunjiko huo mmoja.

Ndiyo maana hata jina "tasa" lahitaji maelezo darasani. Namba hizi hazina vigawo chini yao isipokuwa 1, lakini nyingine zote zinatokana nazo kwa kuzidisha.

Na kwa kuwa litaulizwa: 0 si tasa. Kila namba ni kigawo chake, maana 0 ÷ 5 = 0 bila baki, 0 ÷ 6 = 0 bila baki. Kwa hiyo 0 ni kigawe cha kila namba pia. Tunaiacha tu tunapotafuta KDS, la sivyo jibu la maswali yote lingekuwa 0.

#6 Ilazo_Hesabu

Niongeze majaribio ya kugawanyika kwa 7 na kuendelea, maana ya 2, 3, 5, 9 na 10 kila mtu anayo.

Kwa 7: ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, toa kwenye kilichobaki. 1973: 197 − 6 = 191. Tena: 19 − 2 = 17. 17 si kigawe cha 7, basi 1973 si kigawe cha 7.

Siri yake si ya 7 peke yake. Tafuta kigawe cha namba unayojaribia kinachoishia na 1 au 9. Kwa 7 ni 21. Kikiishia na 1, tarakimu ya mwisho unaizidisha kwa kilicho mbele ya hiyo 1, kisha unatoa. Kikiishia na 9, unachukua kilicho mbele ya 9, unaongeza 1, unazidisha, kisha unajumlisha.

Kwa 13 tuna 39: zidisha kwa 4, jumlisha.
Kwa 17 tuna 51: zidisha kwa 5, toa.
Kwa 19 yenyewe: zidisha kwa 2, jumlisha.
Kwa 23 tuna 69: zidisha kwa 7, jumlisha.
Kwa 29 yenyewe: zidisha kwa 3, jumlisha.
Kwa 31 yenyewe: zidisha kwa 3, toa.
Kwa 37 tuna 111: zidisha kwa 11, toa.

Jaribuni la mwisho kwenye 1961: 196 − 11 = 185, na 185 = 37 × 5. Imeingia, mstari mmoja.

Kwa nini inafanya kazi? Namba yoyote ni makumi a na mamoja b, yaani 10a + b. Hiyo ni sawa na 10 × (a − 2b) + 21b. Sehemu ya 21b daima ni kigawe cha 7. Basi nzima itagawanyika kwa 7 kama a − 2b inagawanyika, na kinyume chake, kwa kuwa 10 na 7 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1.

Kwa 11: jumlisha tarakimu kwa kurukia moja moja, makundi mawili, toa. Ikiwa 0 au kigawe cha 11, imeingia. 2024: 2 + 2 = 4, 0 + 4 = 4, tofauti 0. 2024 = 11 × 184.

Kwa 6: igawanyike kwa 2 na kwa 3. Kwa 8: igawanyike kwa 2 na kwa 4.

#7 Chekeche_Nzuguni

Kaka Ilazo, hapo mwisho rekebisha. 12 inagawanyika kwa 2 na kwa 4, lakini si kwa 8. Ukivunja jaribio katika vipande viwili, vipande hivyo visiwe na kigawo cha shirika zaidi ya 1. 2 na 3 ni sawa kwa 6. 3 na 4 ni sawa kwa 12. Lakini 2 na 6 si sawa kwa 12 (18 inapita zote mbili na bado 12 haiingii). Kwa 8 tazama tarakimu tatu za mwisho kama zinagawanyika kwa 8, kwa kuwa 1000 = 8 × 125.

Na jaribio la 7 linakuambia ndiyo au hapana tu. Halikupi baki. 17 kwa 7 inabaki 3, wakati 1973 kwa 7 inabaki 6. Swali likiuliza baki, gawanya kawaida.

#8 Ilazo_Hesabu

Ni kweli mkuu, la 8 nimekosea. Mnaosoma mfuate la Chekeche.

#9 Fundi_Marumaru_AreaC

Hesabu hizi zinatumika saiti pia, ila vitabu huacha kitu kimoja, nakiweka hapa.

Swali la kitabu: chumba cha sm 540 kwa sm 420, tafuta marumaru kubwa kabisa ya mraba itakayoenea bila kukata. Ni KKS. Njia ya haraka bila kuvunja kwa namba tasa: gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, kisha gawa ndogo kwa baki, endelea mpaka baki liwe 0. 540 ÷ 420 inabaki 120. 420 ÷ 120 inabaki 60. 120 ÷ 60 inabaki 0. KKS ni 60. Marumaru ya 60 kwa 60, mistari 9 kwa 7, jumla 63. Ukinunua maboksi ya vipande 4, 63 ÷ 4 ni 15 na baki 3, kwa hiyo unachukua maboksi 16, na kinabaki kipande kimoja.

Saitini kuna nafasi ya kujazia saruji kati ya kipande na kipande. Ukiweka mm 3, vipande 9 vina nafasi 8, sawa na sm 2.4. Mstari wako unakuwa sm 542.4 na ukuta uko 540. Lazima kipande cha mwisho ukikate kibaki sm 57.6. Upande wa pili vipande 7 vina nafasi 6, sm 1.8, kipande cha mwisho kinabaki sm 58.2. Kwa hiyo KKS inakupa idadi sahihi, lakini haikuondolei kukata. Na upime baada ya lipu, usipime tofali tupu, maana lipu ya pande mbili inakula sentimita kadhaa na KKS yako inageuka kabisa.

#10 Zabibu_Mpunguzi

Fundi umenigusa. Shambani suala hilo ni la KDS.

Mstari wa mita 120, nguzo kila mita 6. Kwanza, nafasi ni 20 lakini nguzo ni 21. Hapo ndipo watu wanapoagiza pungufu kwa kila mstari.

Sasa miche, tuseme kila mita 2. Ukianzisha mche wa kwanza palepale penye nguzo ya kwanza, KDS ya 2 na 6 ni 6, basi kila nguzo itaangukia kwenye mche. Sogeza mche wa kwanza mita 1: miche iko 1, 3, 5, 7…, nguzo ziko 0, 6, 12… Hazikutani hata mara moja.

Badili nguzo ziwe kila mita 5. Ukisogeza mche mita 1 ileile, zitagongana kwenye mita ya 5, 15, 25, mpaka 115. Mara 12 kwa mstari. Kwa nini la kwanza lilikubali na hili limekataa?

#11 Mwl_wa_Makole

Swali zuri sana hili, na jibu lake ni KKS, si KDS.

KDS inasema zikishakutana, zitakutana tena baada ya umbali gani. Kama zitakutana hata mara moja, hilo linaamuliwa na KKS. Angalia umbali uliosogeza. Ukigawanyika kwa KKS ya nafasi mbili, zitakutana. Usipogawanyika, hazikutani kamwe, hata mstari ufike Bahi.

Nafasi 2 na 6: KKS ni 2. Umesogeza 1. 1 haigawanyiki kwa 2, basi hakuna kugongana. Nafasi 2 na 5: KKS ni 1. Mita yoyote nzima inagawanyika kwa 1, kwa hiyo usogeze 1, 2 au 3, utagonga tu, kila baada ya mita 10. Dawa yake ni kusogeza nusu mita. 0.5 si kigawe cha 1, na miche ya 0.5, 2.5, 4.5 haitaangukia nguzo iliyo kwenye mita nzima.

Kanuni hiyohiyo inajibu maswali ya daladala mbili zinazoondoka Sabasaba kwa vipindi tofauti. Kila mara swali husema "zimeondoka pamoja saa 12:00". Likisema moja imeondoka dakika 5 baadaye, wengi wanakimbilia KDS bila kuuliza kwanza kama zitakutana. Vipindi vya dakika 8 na 12 vina KKS 4. 5 haigawanyiki kwa 4. Hazitaondoka pamoja siku nzima.

#12 Kibaigwa_Sokoni

Naomba kuuliza. Kuna kanuni KKS × KDS = zao la namba. Kreti ya soda 24 na trei ya mayai 30: KKS 6, KDS 120, 6 × 120 = 720, na 24 × 30 = 720. Sawa. Nimejaribu 4, 6 na 10, imegoma. KKS 2, KDS 60, zao lao 120, lakini 4 × 6 × 10 ni 240.

#13 Ilazo_Hesabu

Kanuni hiyo ni ya namba mbili tu. Kwa mbili, kila namba tasa ina vipeo viwili: kidogo kinaenda KKS, kikubwa kinaenda KDS, hakuna kinachopotea. 24 = 2³ × 3, 30 = 2 × 3 × 5. KKS inachukua 2 na 3, KDS inachukua 2³, 3 na 5. Kwa namba tatu, cha katikati hakina pa kwenda. 4 = 2², 6 = 2 × 3, 10 = 2 × 5. KDS imechukua 2², KKS imechukua 2 moja, na 2 moja imebaki nje. Ndiyo maana umepungukiwa mara 2 kamili.

Namba zikiwa tatu, tafuta KDS ya mbili za kwanza, kisha KDS ya jibu hilo na ya tatu. 4 na 6 ni 12, 12 na 10 ni 60.

Vipeo hivyohivyo vinakupa idadi ya vigawo bila kuviorodhesha: ongeza 1 kwa kila kipeo, zidisha. 360 = 2³ × 3² × 5, basi 4 × 3 × 2 = vigawo 24. 2025 = 3⁴ × 5², basi 5 × 3 = 15. Ukipata idadi ya witiri ujue namba ni mraba, maana kipeuo chake hakina mwenza: kwenye 2025, 45 inajizidisha yenyewe. Mwanafunzi anayeorodhesha vigawo vya 36 akapata 8 au 10 amesahau 6 au ameiandika mara mbili.

#14 Udom_Kompyuta

Njia nyingine ya 1961, ambayo ni tamu pale vigawo viwili vinapokaribiana. Chukua mraba wa kwanza ulio juu ya namba: 45² = 2025. Toa: 2025 − 1961 = 64. 64 nayo ni mraba, 8². Basi 1961 = 45² − 8² = (45 − 8) × (45 + 8) = 37 × 53. Hatua moja badala ya majaribio kumi na mbili. Ni njia ya Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Tofauti isipokuwa mraba, panda 46, 47, na kuendelea. Vigawo vikiwa mbalimbali (mfano 3 na kingine kikubwa) njia hii inachelewa sana, kwa hiyo maliza kwanza 2, 3, 5, 7 na 11.

Kwa wanaoandika programu ya kuhakiki utasa kwenye simu, makosa mawili yanajirudia. La kwanza, kusahau kukataa namba chini ya 2, programu inasema 1 ni tasa. La pili, sharti la kuendelea (n ni namba inayohakikiwa, d ni kigawo kinachojaribiwa) kuwa d × d *ndogo kuliko* n badala ya *ndogo au sawa na* n. Ukiacha "au sawa na", 25, 49 na 121 zote zitatoka tasa. Ijaribuni kwa miraba ya namba tasa kabla ya kuiamini, kisha ihesabu namba tasa zote chini ya 1000. Lazima zitoke 168.

#15 Mama_wa_Kisasa

Je, zina mwisho hizi namba tasa? Jedwali linaonyesha zinapungua kadiri unavyopanda.

#16 Udom_Kompyuta

Zinapungua wingi, dada, lakini haziishi. Kati ya 113 na 127 hakuna hata moja, na mbele kuna mapengo marefu zaidi. Lakini Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kuwa hazina mwisho. Tuseme una orodha unayodhani ni kamili. Zizidishe zote, ongeza 1. Namba hiyo mpya ukiigawa kwa yoyote kwenye orodha inabaki 1. Basi kigawo chake tasa kiko nje ya orodha.

Wengi hukosea hapa wakisema namba mpya yenyewe ni tasa. Si lazima. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 = 30031, nayo ni 59 × 509. Kilicho hakika ni kwamba 59 na 509 hazikuwemo kwenye orodha.

Kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2 kwa kipeo 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320.

#17 Mwl_wa_Makole

Zoezi kwa wanaofuatilia: 2021, 2023, 2027. Andikeni na njia.

#18 Kibaigwa_Sokoni

2021: 45² − 2021 = 4 = 2², basi 43 × 47. Si tasa.

2023: jaribio la 7, 202 − 6 = 196, 19 − 12 = 7, imeingia. 2023 = 7 × 289 = 7 × 17 × 17. Si tasa, na ina vigawo 2 × 3 = 6: 1, 7, 17, 119, 289, 2023.

2027: 45² ni 2025, bado iko chini, na 46² ni 2116. Nakomea kwenye 43. Ni witiri, tarakimu zinajumlika 11, haiishii na 5. Kwa 7 inabaki 4, kwa 11 inabaki 3, kwa 13 inabaki 12, kwa 17 inabaki 4, kwa 19 inabaki 13, kwa 23 inabaki 3, kwa 29 inabaki 26, kwa 31 inabaki 12, kwa 37 inabaki 29, kwa 41 inabaki 18, kwa 43 inabaki 6. Tasa.

#19 Mwl_wa_Makole

Zote tatu ni sahihi, na baki zote nimezikagua. Kwenye 2023 umeihesabu 17 mara mbili kama inavyotakiwa. Wengi huandika 7 × 17 wakaishia 119.